Kamera ya Raga na Ndege kwa Shilingi 125,000

Haya jamani, leo hakuna Java wala hifadhidata. Leo ni kamera. Kwa miezi minne nimemchosha kila mtu na habari hii, na kazini wameanza kuhama meza wakiniona nakuja na kikombe cha chai. Kwa hiyo nimeamua kuiandika yote mara moja, pamoja na hesabu zake, ili atakayeniuliza "ulinunua gani na kwa nini?" nimwelekeze hapa.

Kwanza mjue ninachopiga. Jumamosi alasiri ni raga. Niliichezea klabu moja ndogo hapa Nairobi mpaka goti likakataa, na tangu hapo nimebaki kando ya uwanja. Vijana wa timu hawana mpiga picha. Wapiga picha wa magazeti huenda kwenye Safari Sevens na mechi za ligi kuu. Huku kwetu chini mtu anaweza kucheza misimu sita na asiwe na hata picha moja akikimbia na mpira mkononi. Jumapili asubuhi ni ndege na wanyama, hasa katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Mbuga hii ilifunguliwa mwaka wa 1946, ina ukubwa wa kilomita mraba 117 hivi, na zaidi ya aina 400 za ndege zimewahi kuonekana humo. Unaweza kutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi ukawa unatazamana na kifaru kabla jirani yako hajachemsha maji.

Sasa pesa. Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 185,000, kazi ya mwaka mmoja na miezi miwili. Lakini mdogo wangu anaingia chuo kikuu Septemba hii, na tulikubaliana nyumbani kwamba hosteli na matumizi ya muhula wa kwanza ni juu yangu. Hiyo ni shilingi 60,000 zisizoguswa. Yeye mwenyewe aliniambia, "Bro, nunua tu kamera yako, mimi nitangoja mkopo." Nikamwambia hosteli hulipiwa siku ya kuripoti, haingoji mkopo. Kwa hiyo mpaka ulikuwa umechorwa: 125,000, kila kitu ndani, kadi ikiwemo. Rafiki mmoja alinishauri nikope kwa simu nijazilizie. Sikutaka hata kumaliza kumsikiliza.

Mama naye nilimpigia simu nimweleze. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Laki moja na ishirini na tano? Huyo ni ng'ombe wa gredi, mwanangu. Na hiyo kamera itakuwa inakamuliwa saa ngapi?"

Swali zuri. Nilianza hesabu kutoka hapo.

Watu wengi huuliza kamera ya michezo na kamera ya wanyama kama vitu viwili. Kwa kweli ni tatizo moja: kitu kiko mbali, kinakwenda kasi, na hakitarudia kwa ajili yako. Mambo mengine yote (rangi, skrini ya kugeuza, video ya 8K) ni mapambo. Kwa hiyo niliangalia vitu vitatu tu: mwendo, umbali na mwanga.

Tuanze na mwendo. Tarehe 18 Septemba 2021, pale Kasarani, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Gawanya: ni mita 10.2 kwa kila sekunde, wastani. Kwa kasi ya shata ya 1/1000, mwili wake unasogea sentimita moja shata ikiwa wazi. Kwa 1/250 ni sentimita nne. Sentimita moja unaiona ndogo, lakini ukiwa umejaza fremu kiasi kwamba mita mbili za uwanja zinachukua pikseli 3,700, hiyo sentimita ni pikseli 18 au 19 za ukungu. Ndiyo maana wapiga picha humfuata mkimbiaji kwa kamera. Ukimfuata vizuri, kifua na uso vinatulia; kinachobaki kuwa na ukungu ni mikono na miguu, ambayo ina mwendo wake wenyewe juu ya ule wa mwili. Duma ni mbaya zaidi. Watafiti waliowavisha duma wa Botswana kola zenye GPS walichapisha matokeo mwaka wa 2013, na kasi ya juu kabisa waliyoipima ilikuwa mita 25.9 kwa sekunde. Hapo hata 1/2000 inakupa zaidi ya sentimita moja.

Kuna pia idadi ya picha kwa sekunde. Picha 10 kwa sekunde maana yake ni pengo la sekunde 0.1 kati ya moja na nyingine, na katika pengo hilo winga wetu amesogea karibu mita nzima. Picha 20 zinakupa nusu mita. Inasaidia, lakini si muujiza. (Mwaka wa 1878 Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia kule Palo Alto ili apige farasi akikimbia, kila hatua kamera yake. Bafa yake ilikuwa picha 12 basi, na alijibu swali alilotaka.)

Umbali ndio ulionifungua macho, na hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Kuna ubishi wa miaka mingi kuhusu sensa ndogo na sensa kubwa. Mmoja atakwambia sensa ndogo "inaongeza" lenzi mara 1.5, mwingine atakwambia huo ni uongo, ni kukata picha tu. Wote wanazunguka swali lenyewe: ndege anapata pikseli ngapi?

Chukua mdiria mdogo wa sentimita 13, yuko mita 10 kutoka kwako, lenzi ni ya milimita 600. Kivuli chake juu ya sensa kitakuwa na urefu wa milimita 7.8 hivi. Hiyo haibadiliki, sensa iwe kubwa au ndogo; fizikia haijui umenunua kamera gani. Sasa, sensa kubwa ya milimita 36 yenye pikseli 6,000 kwa upana itampa huyo mdiria pikseli 1,300 hivi. Sensa ya Nikon D500, yenye upana wa milimita 23.5 na pikseli 5,568, itampa karibu 1,850. Canon R7, ambayo imebana pikseli 6,960 ndani ya milimita 22.3, itampa zaidi ya 2,400. Na sensa kubwa ya megapikseli 45, kama ya Canon R5, inampa kama 1,775, yaani karibu sawa na D500 ya mwaka 2016. Sasa badilisha lenzi iwe ya milimita 300: gawanya zote kwa mbili. Ndiyo, zote. Kamera ya shilingi nusu milioni yenye lenzi fupi inashindwa na kamera ya zamani yenye lenzi ndefu, na inashindwa vibaya.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ilisema: pesa iende kwenye lenzi, bodi ipate kinachobaki.

Lakini mimi ni mtu wa programu, sipendi kuamini hesabu bila data. Nilikuwa nimeazima Nikon D7200 ya rafiki pamoja na lenzi ya 200-500 kwa wikendi kadhaa, na siku nyingine mbili nikakodi Canon R7 kwenye duka moja mjini. Picha zote nilikuwa nazo, elfu tatu na kitu. Kila picha ya kidijitali hubeba taarifa zake ndani: lenzi ilikuwa milimita ngapi, kasi ya shata, ISO, saa. Kuna programu huria inayoitwa exiftool, iliyoandikwa kwa Perl na Phil Harvey, ambayo huzitoa zote. Amri moja, faili moja ya CSV. Kisha nikaweka picha nilizozipenda kwenye folda moja na nilizozitupa kwenye nyingine, nikaandika mistari kama arobaini ya Python kulinganisha.

Matokeo yalikuwa ya kuchekesha kidogo. Picha nzuri za ndege, karibu zote zilipigwa kwenye 500, yaani lenzi imegonga ukuta na mkono wangu bado ulikuwa unaisukuma. Picha nzuri za raga zilitawanyika kati ya 200 na 350, na nyingi zimerundikana kwenye 200 kamili. Huo nao ni ukuta, wa upande wa chini: mchezaji alikuwa ananijia na mimi sina pa kurudi. Halafu zile nilizozitupa. Nilitarajia sababu iwe fokasi. Fokasi ilikuwepo, ndiyo, lakini kundi kubwa zaidi lilikuwa na kasi ya shata chini ya 1/800. Na kwa upande wa ISO? Hakuna hata moja niliyoitupa kwa sababu ya chengachenga chini ya ISO 3200. Hata moja.

Hii ina maana ya pesa moja kwa moja. Sababu kubwa wanayokupa ya kununua sensa kubwa ni usafi wa picha kwenye ISO ya juu, na data yangu inasema sipotezi picha huko.

Ngoja nizungumzie mwanga basi, kwa sababu najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwamba lenzi ya f/6.3 ni giza. Anayepiga mpira wa kikapu ukumbini au mechi za usiku chini ya taa, ni kweli, atafute f/2.8 na aache kusoma hapa. Tundu la f/2.8 linaingiza mwanga mara nne ya f/5.6, na ukumbini huo ndio uhai. Lakini raga yetu ni saa tisa alasiri, karibu na ikweta. Kwenye jua kali, f/6.3 na ISO 400 zinakupa 1/2500. Mwezi wa Julai, Nairobi ikijifunika blanketi lake la mawingu mazito, ISO 1600 inakupa kama 1/1250. Ikifika saa kumi na mbili jioni unapanda hadi 3200 na 6400, na baada ya hapo jua linazama kwa haraka kama mtu aliyezima swichi, hata mwenye f/2.8 anafunga mkoba muda mfupi baada yako. Huko Ulaya wana machweo ya saa mbili. Sisi hatuna, kwa hiyo ushauri wao kuhusu mwanga wa jioni unatuhusu nusu tu.

Sasa kamera zenyewe. Lazima niseme ukweli kuhusu zile zisizo na kioo, kwa sababu siku mbili na R7 zilinitia tamaa. Kamera hii ya mwaka 2022 inaona jicho la ndege. Unaielekeza kwenye kichaka, kuna kwenzi ndani, na kiboksi kidogo kinakwenda kukaa juu ya jicho lake kana kwamba kimetumwa. Ni modeli iliyofundishwa kwa picha nyingi sana, inaendeshwa kwenye chipu ndogo ndani ya mkono wako, mara nyingi kwa sekunde, kwa betri. Mimi ninayelipwa kuandika programu za kulipia bidhaa nilibaki nimeduwaa. Sony waliwapa wenye kamera zao kitu kama hicho kwa wanyama mwaka wa 2019, Canon wakaongeza ndege kwenye R5 na R6 mwaka wa 2020, na tangu hapo imekuwa mbio.

Ina kasoro yake. Ukitumia shata ya kielektroniki ya R7, ile ya picha 30 kwa sekunde, sensa inasomwa safu kwa safu, kama kitanzi cha for kinachopita kwenye jedwali kubwa, na kuimaliza kunachukua karibu sehemu moja ya 30 ya sekunde. Wakati safu ya mwisho inasomwa, bawa la ndege limeshahama. Unapata bawa lililopinda kama ndizi. Nikon Z9 ya 2021 inasoma haraka zaidi kwa mbali, kiasi kwamba waliiondoa kabisa shata ya chuma, na Sony a9 III iliyotangazwa 2023 inasoma pikseli zote kwa wakati mmoja. Lakini hizo ni bei za kiwanja huko Kitengela. Kwenye R7 unatumia shata ya chuma, picha 15 kwa sekunde, na tatizo linaisha.

Ningekuwa na pesa ningechukua R7, sitawadanganya. Bodi peke yake, mpya, ilikuwa imepita laki mbili kwenye maduka yote niliyoulizia. Hapo bado hujanunua lenzi, na bila lenzi tumeshaona mdiria anabaki na pikseli ngapi.

Kwa hiyo nikashuka kwenye mitumba. Wagombea walikuwa watatu: Canon 7D Mark II ya 2014, Nikon D7500 ya 2017, na Nikon D500 ya 2016. Ya kwanza ni jembe, picha 10 kwa sekunde, lakini sensa yake ndiyo ya zamani zaidi na inaonekana ukipandisha ISO. D7500 ni nyepesi na sensa yake ni ileile ya D500, ila picha ni 8 kwa sekunde na fokasi ina nukta 51 zilizojikusanya katikati. D500 ilipewa mfumo uleule wa fokasi wa Nikon D5, kamera kubwa ya wapiga picha wa Olimpiki: nukta 153, na zimetandazwa karibu ukingo hadi ukingo. Kwa raga hilo ni jambo kubwa, maana mchezaji hakai katikati ya fremu akikungoja. Nikon waliacha kuitengeneza mwaka wa 2022 na hawakutoa mrithi wake wa aina hiyo. Haioni macho ya ndege. Wewe ndiwe unayeweka nukta juu ya ndege na kuishikilia hapo, kama watu walivyofanya miaka yote.

D500 safi, yenye picha 40,000 hivi kwenye shata, niliipata kwa 88,000. Kisha nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyestaafu kutoka gazetini, ana D500 yake anaiuza 52,000. Tukakutana hotelini, akaagiza chai na mandazi, akaitoa kwenye mkoba uliopauka. Mpira wa kushikia ulikuwa umeanza kubanduka upande mmoja. Nikampiga picha pale mezani, nikaichomoa kadi, nikaiweka kwenye laptopu na kuendesha exiftool. (Uzuri wa Nikon: idadi ya shata imeandikwa ndani ya picha yenyewe. Canon nyingi haziiandiki, inabidi uunganishe waya na kuiuliza kamera.) Idadi: 171,306. Nikon walisema shata ya D500 ilijaribiwa kwa 200,000.

"Umeona ni nyingi," mzee akasema.

"Ni nyingi, mzee wangu."

"Kijana, kwenye matatu huwa unauliza imetembea kilomita ngapi, au unauliza dereva alikuwa nani?"

Nikacheka, lakini hesabu niliifanya palepale. Zimebaki 28,694 kufika 200,000. Ukishikilia kitufe kwa picha 10 kila sekunde, hizo zinaisha kwa dakika 48. Kwa matumizi yangu halisi, kama picha 800 kwenye mechi na 400 mbugani, ni wiki 24 hivi. Nusu mwaka! Ila 200,000 si siku ya kufa. Ni kiwango walichopimia. Nyingine hufa mapema na nyingine hupita mbali. Nikampigia fundi ninayemfahamu mjini, akasema kubadilisha shata ni kama elfu ishirini, kipuri kikipatikana. Tofauti ya bei kati ya hii na ile safi ilikuwa 36,000. Yaani hata nikibadilisha shata kesho, nimebaki na 16,000 mfukoni, na shata mpya kabisa. Na muhimu zaidi, hiyo 36,000 ingetoka kwenye 60,000 za mdogo wangu, hakuna mahali pengine.

Nikakagua mengine. Picha ya ukuta mweupe kwa f/22, kuona vumbi kwenye sensa: vidoa vitatu, vya kusafisha. Vitufe vyote. Sehemu ya kufungia lenzi, haichezi. Betri, kwa sababu betri za zamani za EN-EL15 zenye alama ya Li-ion01 zilijulikana kwa kuisha haraka ndani ya D500. Za mzee zilikuwa Li-ion20. Tukapeana mikono. Akaniongezea kamba ya shingoni yenye jina la gazeti, nikamwomba abaki nayo.

Lenzi ilikuwa Sigma 150-600, ile nyepesi wanayoiita Contemporary. Nyepesi kwa maneno yao: kilo 1.93. Ukijumlisha na bodi unabeba zaidi ya pakiti moja ya unga ya kilo mbili, mkono mmoja, dakika themanini za mechi. Nikon 200-500 ninaijua na ni nzuri, lakini kumbukeni kuta zangu mbili: inagota 500 juu na 200 chini. Sigma inazivunja zote mbili, na ninalipa kwa kupoteza theluthi moja tu ya stopu ya mwanga. Ya kwanza niliyoletewa ilitoka Mombasa, 55,000, bei tamu sana. Nikawasha tochi ya simu nikaipitisha kutoka nyuma: nyuzi nyeupe ndani ya kioo, kama utando wa buibui. Kuvu. Unyevu wa pwani hauna huruma kwa lenzi iliyokaa kabatini. Nikarudisha. Ya pili ilikuwa 66,000, mwenyewe anakaa Nakuru, kioo safi, sauti ya mota laini. Kadi ya SD ya kasi, 7,000. Jumlisha: 52, 66, 7. Ni 125 kamili :-)

Jambo moja kuhusu Sigma hii litawafurahisha watu wa programu: lenzi ina programu-ndani yake yenyewe, na kuna kidude kinachoitwa USB Dock unachokifunga nyuma yake ili kuisasisha na kubadilisha tabia za fokasi. Nilikiazima. Programu yake inaendeshwa kwenye Windows na Mac tu, na mimi niko Linux, kwa hiyo lenzi yangu ilisasishwa kwenye laptopu ya mhasibu wa ofisi wakati wa chakula cha mchana. Alifikiri ni darubini.

Nimeitumia wiki sita sasa. Mpangilio wangu ni mode ya M, ISO nimeiachia kamera yenyewe isizidi 6400. Raga 1/1250, ndege wanaoruka 1/2000 au zaidi. Fokasi nimeihamishia kwenye kitufe cha AF-ON cha nyuma, na kwenye lenzi nimeweka swichi ya mita 10 na kuendelea, ili isianze kutafuta majani yaliyo mbele ya pua yangu. Sishikilii kitufe. Nilipiga hesabu kwamba kila picha inanigharimu kama senti 70 za shata, na tangu nijue hivyo nimekuwa mtu wa picha tatu tatu. Kila Ijumaa naweka shilingi 800 kando, kwa jina la shata. Idadi leo asubuhi ilikuwa 177,940.

Vijana wa timu wameshabadilisha picha zao zote za WhatsApp. Namba nane wetu, ambaye anatafuta nafasi ya kuchezea timu ya benki moja ili apate na kazi, ametuma zake nne pamoja na barua. Sijui kama picha husaidia kitu kama hicho. Alikuwa hana hata moja.

Mbugani nimempata karani tamba akitembea kwenye nyasi fupi asubuhi, manyoya ya kisogoni yamesimama, pikseli zaidi ya elfu mbili kutoka mdomo hadi mkia. Saa tatu unusu nikawa nimemaliza, maana jua likipanda, joto linaanza kuchezacheza juu ya ardhi na lenzi ndefu inaona mawimbi matupu. Hakuna bei ya kamera inayotibu hilo. Na kwa kuwa hushuki garini, unahitaji kitu cha kuegemeza lenzi dirishani, na injini izimwe. Wanauza mifuko maalumu ya kazi hiyo. Mimi nilishona mfuko wa kitenge, na Mama, yule wa ng'ombe, akanipa kilo mbili za njahi nikaujaza. Lenzi inatulia juu yake kama mtoto aliyeshiba.

Kadi ya XQD, ambayo ndiyo D500 inaipenda zaidi, sijanunua. Bei yake ni ya kutisha, na SD inanitosha kwa picha tatu tatu. Mdogo wangu ameripoti chuoni tangu Jumatatu. Mama ameshauliza njahi zake zinarudi lini.